Rupia Penye Misumari

Mashine haikuwa yangu. Ilikuwa ya mzee mmoja Mwingereza tuliyepakana naye huku Edmonton, London, kwenye vile vishamba ambavyo kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, inawakodisha watu wapande mboga. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini na hedifoni za kuvaa masikioni. Unaipitisha juu ya udongo: penye chuma inaguna, penye fedha inalia sauti ya juu, ti! Yeye huitumia kutafutia sarafu za kale. Aliniazima, akanieleza matumizi yake dakika ishirini nzima, nami nikaitikia "yes, yes", hata pale ambapo sikuelewa kitu. Sisi tumelelewa hivyo. Mzee akishakueleza, kumuuliza tena ni kama kumwambia hajui kueleza. Nikachukua mashine nikaenda zangu.

Nilikuwa natafuta sarafu moja tu, rupia ya fedha ya Mjerumani, yenye kichwa cha mzungu aliyevaa kofia yenye ndege juu. Mama yangu alimpa mke wangu siku alipoingia nyumbani kwetu Tanga. Alimfungia kwenye pindo la kanga kwa mkono wake, na mke wangu akaja nayo mpaka London ikiwa kwenye pindo lilelile. Wanawake wa huku wana pochi. Wangu alikuwa na pindo lake. Utamkuta shambani jembe mkononi, buti za mpira miguuni, kanga kaifunga kiunoni juu ya koti, watu wanamkodolea macho, mwenyewe hana habari nao.

Siku moja alirudi analia. Kanga ilikuwa imechanika pembeni. Akasema imenaswa na msumari karibu na kibanda cha zana, pindo limekatika, rupia imeanguka na haioni. Sasa, wiki hiyohiyo dada yake alikuwa ametoka kututembelea akarudi Tanga. Basi mimi na kichwa changu hiki kigumu nikajumlisha. Nikamwambia, "Umempa dadako. Na hiyo kanga umeichana mwenyewe." Aliapa kwa Mungu. Sikumsikiliza. Nikampigia simu shemeji yangu, mwanamke mwenye wajukuu, nikamwita mwizi. Tangu siku hiyo hatukusemezana tena. Mke wangu naye akaacha kuitaja rupia, na mimi nikauchukua ukimya wake kuwa ndiyo kukiri kwenyewe.

Alizidi kwenda shambani. Hata Januari, ardhi imeganda, hakuna cha kupanda wala cha kuvuna, anavaa koti lake anatoka. Nilidhani anaukimbia mdomo wangu. Sikumlaumu, maana mdomo ninao.

Kisha akaugua, akafariki. Mwaka wa pili ikaja barua ya kaunsili: kishamba kimeandikwa jina la marehemu, kirudishwe kabla ya mwisho wa Oktoba. Hapo ndipo roho ilipoanza kunisumbua. Kama rupia imo kwenye udongo ule, basi nilimdhulumu mke wangu mpaka kaburini. Kama haimo, nilikuwa sahihi, ningeweza kulala. Nitasema ukweli, maana sina wa kumficha: siku za mwanzo nilikuwa naomba isionekane.

Binti yetu anaishi Harrow, upande mwingine wa London. Nilipomweleza ninachofanya, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mama ameshaondoka na kisarafu hakitamrudisha. Akauliza kama ninakula. Nikasema ninakula.

Ardhi yenyewe, loh! Zamani pale palikuwa na mabanda ya vioo ya kukuzia nyanya. Yakabomolewa, na kila kilichokuwa chuma kikabaki chini: misumari, bawaba, waya, vipande vya mabomba. Nilipowasha mashine mara ya kwanza ilinigunia masikioni bila kupumua, utadhani nimeingia kwa wahunzi. Nikatafuta kitufe cha kuinyamazisha isiseme habari za chuma. Nikakipata. Nikafurahi kwelikweli.

Wiki tatu nilikwenda kila siku na basi, nikitembea kwenye ukimya ule. Nilipata vifuniko vya soda, karatasi za bati za pakiti za sigara na senti kuukuu yenye uso uliolika. Mvua ikinyesha naingia kwenye kibanda, nakaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, nanywa chai ya chupa. Glovu zake zilikuwa bado zinaning'inia pale, vidole vimekakamaa kwa udongo. Kulikuwa na siku ambazo neno pekee nililotamka ni asante kwa dereva wa basi. Nilikuwa mpweke, na nilistahili.

Karibu na kibanda ndiko nilikopita mara nyingi zaidi. Kimya kabisa. Nikaanza kujiambia, si unaona? Haimo.

Zikiwa zimebaki siku nne, mzee akaja kunitazama. Akaomba hedifoni, akasikiliza, akaangalia kitufe, akatikisa kichwa. "Si nilikuambia usizime chuma?" akasema. "Ukiinyamazisha kwenye msumari, inanyamaza na kwa kilicholala pembeni ya msumari. Lazima uvumilie kelele." Nikasema yes, yes. Kisha aibu ikanishika nikasema, "Hapana, mzee wangu. Sikuelewa. Nionyeshe tena." Akanionyesha, polepole, bila kununa hata kidogo.

Nikarudia pale kwenye kibanda, chuma kinaguna masikioni mpaka kichwa kinauma. Sahani naisogeza kidogo kidogo, kama unavyopiga pasi shati la mtu. Guu, guu, guu. Halafu katikati ya miguno, kwa upande mmoja tu, kitu kikalia kifupi: ti.

Nikapiga magoti. Nikatoa msumari mrefu wenye kutu. Nikachokonoa tena kwa kidole, kiasi cha shubiri moja chini, nikagusa duara. Nikalisugua kwenye suruali, ndege akatokea juu ya kofia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, na mzee wa watu akageuka akajifanya anapalilia.

Nikaingia kwenye kibanda nikapiga simu Tanga.

"Haloo, nani mwenzangu?" Namba yangu alishaifuta.

"Shemeji yako, wa London."

Nikasikia kuku wake uani.

"Nimeipata ile rupia," nikasema. "Ilikuwa shambani, penye msumari, vilevile alivyosema. Nisamehe, shemeji. Nimekukosea, na yeye nilimkosea."

Nikamsikia anavuta kigoda, anakaa.

"Marehemu alikuwa akinipigia kutoka hapo hapo," akasema. "Kila wiki. Ananiambia, dada, leo nimechimbua upande wa mlangoni, kesho nachimbua upande wa pili. Kwa mikono, shemeji. Kwenye baridi yenu hiyo. Anasema, nikimpelekea mume wangu ataniamini."

Nilizitazama zile glovu.

"Nikuulize jambo moja tu," akasema. "Wewe siku zote hizo ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nyumbani, vituo vitatu vya basi kutoka pale, natazama mpira.