Mjerumani Aliyepima Dirisha

Kuna watu husifiwa mpaka unajiuliza kama wanaowasifu wana macho. Mmoja wao ni Mjerumani mpiga picha za filamu niliyembebea vifaa miaka mitatu hapa Toronto. Walimwita bwana wa mwanga. Mimi niliyemshikia kipima mwanga nakwambia hakujua kupiga picha ya uso mweusi, wala hakutaka kujifunza. Alipima mwanga wa dirisha, akapiga picha kwa kipimo hicho, na aliyekaa mbele ya dirisha akabaki kivuli. Kile kivuli alikiita fumbo. Fumbo gani? Uvivu ule.

Alipotafuta familia ya Kiafrika kwa filamu yake ya wahamiaji, kiherehere changu kikanituma nimpeleke kwa mama, Dixon Road, ghorofa ya kumi na moja. Mama alifurahi kupita kiasi. Dada yake, yaani mama mkubwa, yuko Tanga, na walikuwa hawajaonana miaka ishirini na ushei. Picha za simu mama alizikataa, eti zinamvimbisha uso. Hii sasa ilikuwa kamera ya kweli.

"Safari hii dada ataniona vizuri," alisema.

Akavaa gauni la manjano alilolipiga pasi mara mbili. Akatoa vikombe vya kabatini. Akawasha taa zote, mpaka ya chooni, maana kwake mgeni hapokelewi gizani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alimkaribisha.

Bwana wa mwanga akapita na viatu juu ya zulia, akazitazama taa kama mtu aliyeona mende.

"Zima zote," aliniambia. "Hazina ukweli."

Nyumba ya mama yangu, haina ukweli! Chai hakuigusa, ikaganda utando.

"Mwanangu, mbona giza?" mama aliniuliza. "Mgeni wako anataka kulala?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama watoto wa huku, kwamba mzee anajua kazi yake.

Siku ya kuonyeshwa filamu, mama alilivaa tena lile gauni. Sebule yetu ilipotokea, akaniinamia.

"Nyumba naiona. Mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha kivuli kilichokaa mbele ya dirisha. Tanga mama hakupeleka kitu, na mwaka uliofuata akafariki. Filamu nyingine ya mama hatuna.

Mwezi uliopita yule bwana alialikwa kuzungumzia maisha yake ya kazi. Katika kazi zake zote akachagua kile kivuli, akasema hapo ndipo alipofika kileleni. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikanyoosha mkono.

"Yule mama alivaa gauni la rangi gani?"

Akatabasamu, akajibu kwamba rangi haikuwa na maana. Watu wakacheka pamoja naye.

Nilimdharau, na bado namdharau. Lakini yeye hata hakujua swichi za nyumba ile ziko wapi. Taa nilizizima mimi, moja baada ya nyingine, huku mama akinitazama.