Siku tulipopigia vigelegele bwawa letu kuwekwa "daraja la juu"

Wakuu, kamwene.

Haya niliyaona kwa macho yangu, na mhusika ni shangazi yangu wa damu, kwa hiyo sina sababu ya kumsingizia. Kijiji sitakitaja. Wa Iringa, njia ya kwenda Idodi, mtajiongeza.

Kwetu kuna bwawa dogo la tuta la udongo, la tangu baba yangu akiwa kijana. Tuta limeota miti, na upande mmoja ng'ombe wamelikanyaga mpaka limebonyea. Lakini kiangazi, vitunguu vyote vya kijiji vinategemea maji yale.

Chini ya tuta kulikuwa na nyumba tatu. Ya kwanza kujengwa ilikuwa ya shangazi.

Alipofiwa na mumewe alihamia pale kwa sababu ardhi haikauki. Bustani yake ya mnavu na figiri ilikuwa ya kijani hata Oktoba, na alijisifu kwamba hajawahi kushika ndoo ya kumwagilia.

Basi wakaja wakaguzi wa mabwawa, wakiongozwa na injinia mmoja, dada mpole tu. Akazunguka tuta, akashuka mpaka kwa shangazi, akamuuliza bustani anaimwagiliaje.

"Mungu ndo ananimwagilia, mwanangu."

Yule dada akachuchumaa, akabonyeza udongo kwa vidole. Shangazi akamfungia mboga za kwenda nazo.

Kwenye mkutano wa kijiji injinia akasimama, akasema, "Bwawa lenu tumeliweka daraja la juu."

Wakuu, yalipigwa makofi. Mwenyekiti alitabasamu utadhani mwanae kapata division one. Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha shangazi.

Injinia aliona aibu kwa niaba yetu. Akasubiri tutulie, akaeleza kwamba lile ni daraja la hatari. Halipimi uzuri wa tuta, linauliza likipasuka nani yuko chini. Zamani chini kulikuwa pori, sasa kuna watu wamelala. Na ule unyevu wa bustani ni maji ya bwawa yanayopenya chini ya tuta.

Shangazi akauliza, "Kwa hiyo mimi ndo nimelipandisha?"

Watu wakacheka, halafu wakajuta kucheka.

"Siyo wewe peke yako, mama. Ni nyumba zote tatu."

"Tukihama litashuka?"

"Litashuka. Mkibaki, itabidi maji yapunguzwe sana mpaka tuta litengenezwe."

Kila mtu alijua maana yake, hakuna vitunguu. Pamoja na hayo, hakuna hata mmoja aliyemwambia shangazi ahame. Kwa hilo nakipenda kijiji changu mpaka leo. Majirani zake wawili walisema wazi kwamba yeye akibaki, nao wanabaki.

Zikapita siku kadhaa. Kisha akanipigia simu nikiwa mjini: "Njoo unishikie bati, naezua nyumba."

Nilimkuta anang'oa figiri anawagawia watu. Iliniuma sana. Mama wa umri ule anaacha kitu pekee kilichokuwa kinamfariji.

Kijiji kizima kilifyatua matofali, nyumba zote tatu zikapanda mlimani. Kule juu ni pakavu, lakini kila anayepita kutoka bwawani humwachia ndoo ya maji mlangoni. Bustani mpya ni ndogo, ila ipo.

Juzi injinia karudi. Akaenda moja kwa moja kwa shangazi.

"Mama, bwawa limeshuka daraja."

"Yaani limefeli?"

"Limefeli, mama."

Shangazi akapiga kigelegele kirefu kuliko kile cha kwanza.

Tuta lenyewe bado halijatengenezwa, na mvua zikizidi bado nayahofia mashamba. Lakini usingizi wa shangazi siuwazi tena. Nilichojifunza ni kwamba bwawa linaweza kukaa palepale miaka yote, sisi ndio tunalisogelea na nyumba zetu.

Wenye ndugu wanaolala chini ya tuta, hebu semeni hapa, mlishauliza liko daraja gani? Na mkiambiwa la juu, shusheni mikono kwanza, msipige makofi.