Mistari ya Kupuria Maharagwe

Enzi zetu pale kijijini Kiirua hakuna aliyejua neno rap, lakini tulirap kila Agosti, maharagwe yakikauka. Nyanya alitandaza turubai uani, akamwaga maharagwe na maganda yake, akampa kila mtu fimbo. Vumbi lilitujaa puani hadi chafya ikatoka nyeusi. Na nyanya hakutaka kazi ya kimya.

"Pigeni na mdomo pia," alikuwa akisema. "Mikono pekee inasinzia."

Basi mmoja anarusha mstari wa uchokozi kwa Kimeru, akifuata fimbo zinavyoanguka, na mwenzake lazima amjibu kabla hazijaanguka mara tatu. Ukishindwa, unabeba mtungi kwenda mtoni. Mshindani wangu alikuwa Kinoti, mtoto wa mjomba. Nikimwambia kuku wamemaliza mbegu yeye akikoroma, ananijibu kwamba kuku hao walinifuata mimi, wakidhani pua yangu ni hindi la kuchoma. Baba yangu alikuwa Mfaransa, fundi wa mabomba ya maji, na pua ni yake. Tulicheka mpaka fimbo zikagongana. Jioni tulikula mukimo viganja vikiwaka moto, na mimi ndiye niliyekuwa nimeenda mtoni mara nyingi zaidi.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, baba alituhamishia kwao. Huko Ufaransa nikakuta vijana wakirushiana mistari chini ya maghorofa, nikasema, aa, hii naijua. Nikajifunza kuifanya kwa Kifaransa, nikatoa albamu, nikazeeka nayo. Magazeti ya huko huniita Mwafrika. Nikipita Kiirua, watoto huniita mzungu. Hayo nimezoea. Nisichozoea ni kusimama jukwaani, ukumbi mzima unarudia maneno yangu bila kukosea hata moja, na hakuna hata mtu mmoja anayenijibu. Upweke wake sijui niuelezeje. Na Kimeru chenyewe kinanitoka, siku hizi hata ndoto naota kwa Kifaransa.

Vijana wa sasa mnanichekesha. Mmeziba masikio yote mawili, halafu mnasema mnapenda hip hop. Mtajibizana saa ngapi? Ukimpa mmoja wenu fimbo, anakuuliza mashine iko wapi.

Agosti iliyopita nilirudi nikitaka kitu kimoja tu: Kinoti anijibu. Nyanya alishafariki. Kinoti sasa ni mwalimu mkuu, kichwa kimejaa mvi. Nilimkuta uani akipura maharagwe na wanawe, wote kimya, simu ikiimba pembeni. Mstari wangu nilikuwa nimeufanyia mazoezi njia nzima ndani ya ndege. Nikaokota fimbo, nikapiga, nikamwambia kwa Kimeru kwamba hizo si mvi, ni unga wa shule alioiba.

Fimbo zote zilisimama. Wanawe wakatazamana, maana baba yao haambiwi hivyo. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu. Kinoti akatabasamu kwa adabu, akanitoa fimbo mkononi polepole, akaniambia kwa Kiswahili:

"Karibu sana, ndugu yangu. Wacha hii, vumbi litakuharibia nguo."

Kisha akamtuma binti yake alete kiti, akakifuta kwa mkono, akakiweka kivulini. Nikaketi, nikaletewa chai.

Enzi zetu, maharagwe yakipurwa, walioketi kwenye viti walikuwa wagonjwa na wageni. Mimi sikuwa mgonjwa.