Wapita Njia wa Bi Maganda

Mawifi hawapendani. Hilo liko hivyo tangu watu waanze kuoana, na mimi sikuolewa ili nije kulibadilisha. Lakini huyu dada wa mume wangu amenishinda. Nimejaribu kumnunia miaka nenda rudi, imeshindikana. Utamnuniaje mtu anayekugongea asubuhi hujanawa hata uso, ndoo mkononi, na kabla ya salamu anakwambia, "Wifi, nimeyaota maganda yako ya viazi"?

Mtaa mzima unamwita Bi Maganda. Jina alipewa na muuza juisi wa pale kona, aliyechoka kuombwa maganda ya nanasi kila jioni. Alidhani anamtania, mwenzake akalipokea kama zawadi. "Jina zuri," aliniambia. "Linaeleza kazi. Mtu haulizi mara mbili." Wifi yangu hana haya ya kuomba, na mimi, mtu mwenye haya nyingi na faida kidogo, namwonea wivu kwa hilo. Mficha uchi hazai, ndio wimbo wake. Anaingia mgahawani kwa mlango wa nyuma, anasalimia wapishi mmoja mmoja, anaulizia watoto wao, anawasema wenye kuunguza wali, halafu anatoka na huo wali ulioungua, na mikate iliyokauka, na mboga zilizonyauka, kajitwisha kichwani, utadhani katoka harusini.

Zamani alikuwa mwosha vyombo kwenye kantini ya chuo. Kutwa nzima alisimama mbele ya sinki akikwangua sahani. Chakula kinaingia kwenye pipa, pipa linajaa, gari linakuja kulibeba kwenda jalalani. "Pipa lile lilikuwa linakula vizuri kuliko mimi," husema. Kantini ilipofungwa alirudi nyumbani na glovu zake za mpira na hasira zake. Hasira hizo akaenda kummwagia daktari wa mifugo wa mtaani kwetu, mama mmoja mpole anayetibu mbwa na paka. Yule daktari ndiye aliyemwambia kuwa kuna nzi mweusi, mwembamba, asiyeng'ata mtu wala kusumbua chakula cha mtu, ambaye mabuu wake hula kila kinachooza. Ukiwakausha na kuwasaga unapata chakula cha mbwa na paka chenye nguvu ya nyama. Wifi yangu hakungoja hata chai aliyokaribishwa. Alitoka pale mbio kwenda kutafuta mabeseni.

Nyuma ya nyumba yake sasa kuna banda. Ukiingia, kitu cha kwanza unachokiona ni chandarua kikubwa kilichofungwa penye jua. Sisi wengine tunafunga chandarua ili wadudu wasiingie. Yeye amefunga ili wasitoke. Humo nzi wake wanaruka, wanaoana, wanataga kwenye nyufa za vipande vya mbao, wanakufa. Kula hawali kabisa. "Wageni wa kutamaniwa hawa," ananiambia. "Hawamalizi sukari yako." Mayai yakianguliwa, mabuu wanahamia kwenye mabeseni ya mabaki yaliyokatwakatwa na kuchujwa maji, na ukiinamia beseni unasikia mchakacho mdogo, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Wakishakua wanachovywa kwenye maji yanayochemka, wanaanikwa, wanakaangwa bila mafuta, wanasagwa, wanachanganywa na unga wa viazi vitamu, na unga huo anaukanda, anaukata biskuti ndogo zenye umbo la mfupa, anazioka. Kinachobaki kwenye mabeseni ni mbolea. Mbwa wa mtaa wetu wanamjua. Akipita wanamsindikiza kwa adabu ambayo watoto wangu hawana.

Hawaiti mabuu. Anawaita wafanyakazi. "Leo wafanyakazi wamegoma, kuna baridi." Neno moja tu halitakiwi kutamkwa nyumbani kwake, nalo ni funza. Na hilohilo ndilo mama yake, mama mkwe wangu, alilokataa katakata kuliacha.

Hapa lazima nieleze, msije mkadhani mama ni mkorofi bure. Mkorofi ni, lakini si bure.

Mama alilea watoto wake peke yake, katika chumba cha udongo chenye sakafu ya vumbi. Funza waliwaingia watoto miguuni. Kila jioni alikaa mlangoni penye mwanga, pini imepitishwa motoni, kisigino cha binti yake kakishika mkononi, anawatoa mmoja mmoja, mtoto analia na yeye analia. Siku moja mwalimu akamrudisha binti nyumbani mbele ya wenzake wote kwa sababu ya miguu ile. Wanawake wa kisimani wakaanza kumwita Mama Funza. Jina lile hakuliitikia hata mara moja. Aliikandika sakafu, akaimwagia maji asubuhi na jioni, akaifagia, akachemsha kila nguo, mpaka funza wakaisha. Na walipokwisha hakuacha. Mpaka leo mama haingii chumba bila kuangalia pembe zake.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sasa mtoto yuleyule, mwenye makovu vidoleni mpaka leo, amekua, ana nyumba ya sakafu ya saruji, na anafuga funza kwa hiari yake. Mama alikula kiapo. "Mimi silali nyumba moja na funza," alisema. "Nimeshalala nao vya kutosha."

Kiapo hicho hakikumdhuru mtu mpaka mama alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Alitibiwa, akaletwa kwetu na kiti cha magurudumu. Sisi tunakaa ghorofa ya juu kabisa, na jengo letu lifti halina. Alipandishwa mgongoni kwa mwanawe, na tangu siku hiyo hakushuka tena. Alikaa dirishani akitazama watu wanaokwenda sokoni bila kuifikiria miguu yao. Mwanzoni alikuwa akinikosoa ninavyodeki. "Mkwe, ile kona inakuuma?" Nilikuwa nafyata ulimi, lakini ndani nachemka. Halafu taratibu akaacha. Nikawa nadeki hovyo makusudi, naruka kona nzima mbele ya macho yake, na hasemi neno. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mama alikuwa anatuishia pale kwenye kiti, na sisi tunamwangalia.

Nyumba ya Bi Maganda iko chini, mlango uko usawa wa barabara, na ina chumba cha ziada chenye dirisha la uani. Hata kipofu angeona pa kumpeleka mama. Mama akakataa.

Ndipo siku moja wifi yangu akaja bila ndoo. Nilijua kuna jambo. Alikaa jikoni kwangu, akaanza kunikatia vitunguu bila kuombwa.

"Wifi, naacha kazi," akasema. "Nalivunja banda. Mama aje akae kwangu, apate hewa."

"Na wafanyakazi?"

"Wafanyakazi nitapata popote. Mama nitampata wapi mwingine?" Akacheka kidogo, halafu akawa analia, na akavisingizia vitunguu.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wote wawili, mama na binti, maana wanafanana mpaka inachosha. Nikaenda moja kwa moja dirishani nikampa mama mkwe vidonge vyake vya maneno, kwa heshima, lakini nikampa. "Mama, binti yako anavunja banda lake kwa ajili yako. Wewe kitu hujakiona kwa macho, umekihukumu kwa jina. Twende ukaone mara moja tu. Ukisema hapana, hakuna atakayekusumbua tena."

Alinitazama juu mpaka chini. Nilishaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

"Nitakwenda," akasema. "Na nitakachokiona ndicho nitakachokisema."

Basi sikilizeni alichokifanya yule mtoto wa mama yake. Mtu mwingine angeliacha banda lilivyo. Yeye alifundishwa tangu utotoni kwamba sakafu huoshwa kabla mgeni hajaikanyaga, na mgeni mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asubuhi hiyo aliosha sakafu ya banda, korido, vyumba, na mabeseni yenyewe akayasugua kingo kwa sabuni, nje na ndani, hali wenyewe wamo wanakula. Sasa, yeye ndiye anayejua kuliko sisi sote kwamba wafanyakazi wake hawawezi kupanda ukuta mkavu, lakini ukuta ukilowa wanaupanda vizuri sana. Ndiyo sababu kingo za mabeseni yake huwa kavu siku zote. Siku zote isipokuwa hiyo.

Mume wangu alimshusha mama mgongoni, polepole, mimi nyuma yao na kiti. Barabarani mama aliwasalimia hata asiowajua. Bi Maganda alikuwa mlangoni kavaa gauni lake jema. Tukaingia. Sakafu inang'aa. Mama akaangalia pembe ya kwanza, akaangalia ya pili, kisha akaishusha miguu yake chini, aguse ile saruji.

"Umeosha," akasema, na nikasikia sauti yake imelegea.

Halafu tukafika kwenye chumba alichoandaliwa, na tukawaona.

Walikuwa wanatokea uani, wamepita mlango wa nyuma, wameifuata korido, wengi wasiohesabika, wa rangi ya kahawia, wanaingia chumbani na kujipenyeza chini ya kitanda kilichotandikwa shuka jeupe. Wifi yangu alipiga magoti palepale na gauni lake jema, akaanza kuwazoa kwa mikono. "Mama, nisamehe. Nilitaka pawe pasafi. Wote nawaondoa, banda nalivunja leo leo." Akizoa wanne, watatu wanamponyoka. Mume wangu akashika kiti ili akigeuze.

"Acha," mama akasema.

Alikuwa ameinama mbele. Mmoja wao alikuwa amefika kwenye mguu wake. Alipanda kwenye kandambili, akapanda kidole gumba, akavipita vidole vyote pale juu. Mama hakuusogeza mguu. Mdudu akashuka upande wa pili, akaendelea na safari yake kuelekea kitandani.

"Amepita," mama akasema.

Mume wangu akakiachia kiti.

"Funza hapiti. Funza akiuona mguu anaingia, na hatoki mpaka umtoe kwa pini. Huyu amepita, hata habari hakuniuliza." Akamgeukia binti yake pale chini. "Wanakwenda wapi?"

"Wameshiba, mama," wifi yangu akajibu, anafuta pua kwa kiwiko. "Wakishakua hawautaki tena uchafu. Wanaacha kula, wanatoka wenyewe, wanatafuta mahali pakavu, pasafi."

"Na pasafi pa leo ni chumba changu."

"Ndiyo, mama."

Mama aliinama tena. Nilidhani anatafuta la kutuchoma nalo. Kumbe anaitazama miguu ya binti yake, ndala zimemvuka kwa kule kupiga magoti, makovu ya zamani yanaonekana vidoleni. Akanyoosha mkono, akamshika kisigino, vilevile alivyokuwa akimshika pale mlangoni enzi za pini.

"Kumbe hata wao uchafu wanauchoka," akasema.

Wifi yangu alilia kwa sauti. Mume wangu akajifanya anakagua gurudumu la kiti. Mimi sisemi nilifanya nini.

"Haya, inatosha," mama akasema. "Nileteeni ufagio laini na beseni kavu. Kavu, umesikia wewe? Na mkwe, usinisimamie hapo kama umeazimwa, inua shuka." Aliwafagia akiwa ameketi, taratibu, asimponde hata mmoja, na kila kona tuliyoiruka alituonyesha kwa mti wa ufagio. Siku hiyohiyo akaomba alazwe kwenye kitanda kilekile, na ghorofani kwetu hakurudi tena. Banda lipo mpaka leo.

Nyumbani kwangu sasa kumepoa. Nadeki, nafika kwenye kona, nasubiri sauti, haiji. Namkumbuka mama kuliko nilivyotarajia, ndio ukweli. Nikizidiwa nashuka kwenda kwao na ndoo ya maganda ya viazi, nisionekane nimekuja mikono mitupu. Namkuta mama uani penye jua, sinia mapajani, anachambua biskuti. Nzima ni za mbwa, zilizovunjika ni za paka, na zilizokatwa vibaya anamrudishia binti yake na maneno juu.

Juzi nilikuwapo alipokuja mama mmoja, mgeni mtaani, kumnunulia mbwa wake chakula. Alisimama mbali na banda, kashika pua, ingawa pale hakuna harufu ya kumfanya mtu ashike pua.

"Eti bibi," akamuuliza mama kwa kuvuta maneno, "ni kweli binti yako anafuga funza?"

Bi Maganda alikuwa bandani anakatakata maganda. Nilimwona kisu kimesimama hewani.

Mama hakuinua hata kichwa.

"Funza niliwamaliza mimi," akasema, "kwa pini. Hawa ni wapita njia." Akamfungia mbwa wa watu biskuti zake, nzima tupu, akampa yule mama mfuko.