Mlezi wa Sylvia

Keziah, muuza mitumba wa Lodwar, hakuwa na imani na mawakili, sembuse huyu aliyekuja kuwafundisha wazazi semina ya urithi, aliyevaa suti katika joto la kukausha mate. Wakili alipouliza nani atamlinda Sylvia, binti mtu mzima wa Keziah asiyeweza kutembea, mama akifa, Njenga, mdogo wa marehemu mume wa Keziah, akawahi kunyoosha mkono. Keziah akafyonya. Tangu matanga ya kaka yake hajakanyaga nyumbani kwa Keziah, leo amenusa ploti ya marehemu!

“Sylvia mwenyewe anamtaka nani?” wakili akauliza.

Sylvia akamwonyesha Nasro, jirani Msomali anayemsuka nywele.

“Huyo si damu yetu!” Njenga akafoka.

“Ndiyo maana yeye huja kumwona,” Keziah akamjibu, “bila kungoja nife.”