Noti Chini ya Kisahani

Mwaka kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena, sisi waandikishaji wa wakimbizi tulikuwa tukila katika hoteli moja ya Kibondo. Mwenye hoteli aliwapanga wageni wa mashirika dirishani, sisi katikati, madereva barazani. Lakini mhudumu wake alianza kunawisha barazani, kwa sababu ndiko kulikokuwa na vumbi jingi. Alipomimina maji kwa mkono wa kulia, wa kushoto ulishika kiwiko, kwa heshima, hata kwa utingo. Nikichelewa kambini, nilikikuta chakula changu kimefunikwa, bila kuomba.

Siku moja mgeni aliacha noti ya elfu tano chini ya kisahani. Nikawaka. "Dada, usiichukue! Hiyo ni sadaka. Mdai bosi mshahara wa haki!" Akaendelea kufuta meza. "Mshahara nadai, mdogo wangu. Hii si yangu. Mimi mnaniona kwa sababu nabeba sahani. Njoo." Nyuma ya jiko mama mmoja aliinamia masufuria akiyasugua, masizi hadi viwikoni. Mikono yake ilikuwa imelowa, basi mhudumu akamfungia noti kwenye pindo la khanga. Bahashishi zote, kumbe, ziliishia pale. Miezi miwili nilikuwa nimehubiri haki huku nikila kutoka kwenye masufuria ya mama huyu, na sura yake sikuijua. Nikarudi kuchukua sahani yangu chafu, nikampelekea mwenyewe. "Mwakoze, mama," nikamshukuru kwa Kiha. Akacheka. Nilipogeuka, mhudumu alikuwa amesimama na birika, mkono wa kushoto kiwikoni, akisubiri ninawe.