Deki Kabla ya Polisi

"Nimechoka! Nimechoka kuulizwa swali moja kila siku kama mtoto aliyevunja kikombe!"

Shemeji yangu alikuwa anamfokea kaka yake, na yeye si mtu wa kufoka. Mume wa dada yangu huyu akikasirika hunyamaza tu, akapanga upya makopo ya maziwa.

"Basi jibu," kaka mtu akasema. "Ulipiga deki kwa nini?"

"Sakafu ilikuwa chafu."

"Siku ile mwizi ndiyo kwanza katoka, polisi hata hujawaita, wewe ukaona uchafu!"

Mimi nilikuwa nimekalia kreti la soda, nachambua maharage ya kuuza, masikio wazi. Nikatia neno: "Shemeji, nyumbani kwako hujawahi kushika dekio. Dada angejua unaliweza, mbona usingepumua."

Siku nyingine angenirudishia. Siku ile aliketi tu kwenye stuli, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba kama mito.

Duka lake ni dogo, la chakula: unga, mchele, mafuta ya kupima, chumvi. Hufungua kabla jua halijatoka, akasimama mpaka taa za barabarani ziwake. Na kwa habari ya wezi alikuwa na tahadhari mpaka anachosha. Pesa nyingi hazikai kwenye droo. Dirishani habandiki matangazo, ili mpita njia aone ndani. Mlangoni kaning'iniza kengele. Sisi tunaomsaidia alituhubiria kila jioni: "Wakija, wape. Usishindane nao. Unga unanunulika, roho haina duka. Wakitoka, funga mlango, piga simu, usiguse kitu."

Alipokuja mmoja mwenye kisu, mchana kweupe, Shemeji alifanya hivyo hivyo, isipokuwa mambo mawili. Jamaa alipokuwa anatoka na pesa, kengele ikalia, na ulimi hauna mfupa, akamwambia: "Karibu tena." La pili ndiyo hiyo deki.

Mteja pekee aliyekuwemo alikuwa Mama Mkaa, anayeuza mkaa pale kona. Yeye na hadithi ni chanda na pete. Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa unaicheka ile "karibu tena". Kesho yake kicheko kikageuka mnong'ono. Mtu gani humkaribisha mwizi, kisha akamfutia nyayo? Wateja wakaanza kununua ng'ambo ya barabara. Polisi waliuliza wakachoka. Kaka yake Shemeji, aliyetoa mtaji wa duka, akasema: nipe sababu au nipe funguo.

Sababu ilikuwepo, ila tuliijua baadaye. Kisu kilipotoka, Shemeji alimsukuma Mama Mkaa nyuma ya magunia ya mchele, akasimama yeye mbele. Mama wa watu, kwa hofu, akajikojolea. Mtu mzima, mwenye wajukuu. Mwizi alipoondoka, Shemeji alimfunga gunia tupu kiunoni, akamtoa kwa mlango wa nyuma, akashika dekio, ndipo akapiga simu. Na yule mama, kwa kuogopa kuchekwa, akawahi kumfanya mwenzake achekwe. Alipoulizwa habari ya deki alisema yeye alishatoka. Aibu ni kaa la moto: ukilishika, mkono unalitupa kwa jirani.

"Funguo," kaka mtu akasema, kiganja mbele.

Shemeji akazitoa mfukoni. Hata hasira ilikuwa imemwisha, umebaki uchovu. "Chukua, kaka. Labda nitalala mpaka jua linichome."

Kengele ikalia. Mama Mkaa aliingia kununua chumvi, akaona funguo zinatoka mfuko huu kwenda mkono ule, akasimama. Nikajua anatafuta kichekesho kipya.

"Baba," akamwambia kaka mtu, "yale maji yalikuwa yangu."

"Maji gani?"

"Mkojo, baba! Unataka niimbe? Nilijikojolea hapo hapo uliposimama. Huyu akanisitiri, mimi nikamwanika."

Mlangoni walikuwa wanawake wawili wenye vikapu, na nilishukuru, maana habari ingefika sokoni kabla yao. Kaka mtu akasogea hatua moja, akatazama chini ya viatu vyake. Kisha akaziweka funguo juu ya mizani, taratibu, akatoka bila kuaga. Kuomba radhi hakufundishwa yule.

Mama Mkaa alikuwa anajifuta machozi, vidole vyeusi vikimchora mashavu. "Mwanangu, neno hili nilikuwa na deni nalo. Siku zote hizi nakuacha utukanwe."

"Limelipwa, mama." Akamsogezea kreti langu, maana mimi nilishasimama. "Kaa kwanza. Hata mimi nakaa."

Wakakaa wawili wale kama watu waliotoka safari ndefu. Mimi nikaingia nyuma ya kaunta, nikawauliza wale wa vikapu wanataka nini.